Kisengerenyuma: hadithi inaporudi ilikotoka

Mwanafunzi yeyote wa fasihi atakupa maana yake bila kukwama: ni mbinu ya kuisimamisha hadithi kwa muda ili kusimulia mambo yaliyotangulia. Shuleni wengi huiita mbinu rejeshi. Alama zake atapata. Anayeandika hadithi, lakini, ana maswali mengine mawili: nirudi nyuma wakati gani, na nikisharudi, nitatokaje huko?

Kwanza tuondoe mkanganyiko. Si kila taarifa ya zamani ni kisengerenyuma. Ukiandika kwamba mzee fulani alizaliwa Tanga mwaka 1950, hiyo ni taarifa tu, na hadithi inaendelea na mwendo wake. Kisengerenyuma humhamisha msomaji: anatoka alipokuwa, anaingia katika tukio jingine lenye watu, sauti na mahali pake.

Kuhusu wakati, rudi pale msomaji anapotaka kurudi, si pale wewe unapotamani kumweleza. Shaaban Robert alilimudu hili katika Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952. Mjumbe wa mfalme amekwenda kufuatilia kodi kwa Adili. Usiku anamwona mwenyeji wake, mtu mwema asiye na doa, akiwachapa manyani wawili. Habari inamfikia mfalme, Adili anaitwa ajieleze, na hapo tu ndipo tunaposimuliwa habari za ndugu zake, Hasidi na Mwivu, ambao ndio waliogeuzwa manyani hao. Kama simulizi lingeanzia kwa ndugu hao, tungepewa jibu la swali ambalo hatujauliza. Sasa tunalisubiri kama mfalme anavyolisubiri.

Mimi somo hilo nililipata kwa aibu. Hadithi yangu ya kwanza ndefu ilianza na mwanamke anayesubiri pantoni ya Kigamboni. Ukurasa wa pili nikamrudisha utotoni, na huko nikakaa kurasa 5 mfululizo. Mhariri alizikata zote kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni: "Pantoni bado haijafika?" Nilinuna wiki nzima. Nilipoandika upya, palibaki hivi:

"Zuhura alifungua chupa ya chai. Kifuniko kilikuwa na ufa ubavuni. Jioni ile baba alikuwa amerudi mapema kutoka bandarini. Alivua viatu mlangoni, akakaa, akaomba chai, akasema amepunguzwa kazini. Chupa ikamponyoka mama. Zuhura alikizungusha kifuniko mpaka kikakaza. Honi ya pantoni ikalia."

Tazama vitenzi. "Alikuwa amerudi" imetumika mara moja tu, kama mlango. Tukishaingia, -li- inatosha, kisha -ka- inavuta tukio moja baada ya jingine: akakaa, akaomba, akasema. Wengi wanaoanza hung'ang'ania "alikuwa amevua, alikuwa amekaa, alikuwa ameomba" hadi mwisho wa aya, na sentensi zinachechemea. Kiswahili kimetupa -ka-, tuitumie. "Jioni ile" nayo inasaidia, maana "ile" inanyoosha kidole mbali bila kutaja mwaka wala tarehe.

Kutoka ndiko kunakowashinda wengi. Kwa kuwa -li- iko nje na ndani, msomaji atajuaje kwamba tumerudi? Hapa kazi hiyo imefanywa na kifuniko. Kilitupeleka, kikatuleta. Kinaweza kuwa harufu ya samaki wakavu, wimbo redioni, kovu, chochote ambacho mhusika anakigusa au kukisikia pale alipo. Barua na mazungumzo nazo ni milango mizuri. Ndoto siipendi sana. Mara nyingi mwandishi amechoka kutafuta mlango, akaamua kumlaza mhusika.

Ukishaandika, kifiche kile kipande ulichorudi nyuma, uisome hadithi bila yake. Usipokikosa popote, kiache hukohuko. Kukiacha si kukitupa. Zile kurasa 5 ninazo mpaka leo kwenye daftari, na kwa sababu yake najua Zuhura alikuwa akilala kitanda kimoja na nani, na kwa nini hali papa. Msomaji hajawahi kuambiwa. Lakini Zuhura anapokataa kula kwa shemeji yake, ukurasa wa 40 hivi, sikuhitaji kubuni sababu.