Shoti, cheche na betri: mioto mitatu ya ndege isiyofanana

Ikisambaa video ya moshi ndani ya ndege, kauli mbili hazichelewi kufuata. Ya kwanza ni "hiyo shoti." Ya pili ni "kwani ndege haina breka ya kukata umeme?" Zinasemwa na watu wenye nia njema, wakiwemo watangazaji, na zote mbili zinapotosha. Si kila moto wa umeme unatokana na shoti, na breka kutokata si ushahidi kwamba nyaya ziko salama. Ndani ya ndege tofauti hiyo imekwisha kugharimu maisha ya watu, ndiyo maana naona inafaa kuelezwa taratibu.

Maana yenyewe ni fupi. Umeme hutoka kwenye chanzo, hupita kwenye kifaa, kisha hurudi ulikotoka. Kifaa ndicho kinachouzuia usipite wote kwa mkupuo mmoja. Waya wenye umeme ukigusana na wa kurudia, au ukagusa bodi ya ndege, kifaa kinarukwa, ukinzani, yaani kile kizuizi cha umeme, unakaribia kuisha na mkondo wa umeme unapanda ghafla mara nyingi kuliko kawaida. Hiyo ndiyo shoti. Waya ukibebeshwa mzigo kuliko unene wake bila kugusana na chochote, unapata moto polepole hadi ganda lake linalainika. Huko ni kuzidiwa mzigo, na hakuna shoti hapo.

Balaa hizi mbili breka inaziweza. Breka za kawaida za ndege ni vile vitufe vidogo vyeusi vilivyopangwa safu kwa safu ukutani nyuma ya marubani na juu ya vichwa vyao. Ndani ya kila kimoja mna kipande cha metali mbili zilizobandikwa pamoja, ambazo hazitanuki sawasawa zikipata joto. Mkondo ukizidi, kipande kinapinda, kinafyatua kitufe, na kitufe kinachomoza nje kikionyesha ukosi mweupe. Mkondo mkubwa sana unakifyatua papo hapo. Uliozidi kidogo tu unaweza kuachiwa sekunde nyingi kabla haujakatwa. Breka imewekwa kwa ajili ya kuulinda waya. Haijui lolote kuhusu skrini ya kwenye kiti au oveni ya jikoni, wala haina pua ya kunusa moshi.

Kuna balaa la tatu ambalo watu hulitumbukiza kwenye neno shoti, na ndilo hasa lililonifanya niandike. Ni cheche.

Chukua waya mmoja uliofungwa pamoja na wenzake juu ya dari ya ndege. Ndege inatetemeka kila siku, kwa miaka. Waya unasuguana na kishikizo cha chuma, au na kipande kidogo cha bati kilichobaki baada ya fundi kutoboa kwa drili, mpaka ganda linachubuka na shaba ya ndani inaanza kuonekana. Haijagusa kitu bado. Lakini umeme wa mfumo mkuu wa ndege nyingi za abiria ni volti 115, na penye uwazi mdogo kabisa, au penye unyevu na vumbi, unaruka. Mwanga unaotoka hapo ni uleule wa fundi wa kuchomelea mageti, na joto lake ni maelfu ya nyuzi, wakati shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 tu za Selsiasi. Ganda lililo jirani linaungua na kugeuka masizi, nayo masizi ya baadhi ya maganda hupitisha umeme, kwa hiyo cheche inapata njia ya kurudi tena na tena, na waya wa pembeni nao unaingia kwenye mkumbo.

Sasa ione kwa upande wa breka. Cheche inaruka, inazimika, inaruka tena. Kila mruko ni wa muda mfupi mno, na baina yake mkondo unashuka. Ukijumlisha, kile kipande cha metali hakipati joto la kutosha kupinda. Breka imetulia mahali pake, taa zinawaka, filamu inaendelea kwenye skrini, na juu ya dari kuna moto. Breka haijaharibika. Inafanya kazi iliyotengenezewa, ila balaa lililokuja si lile iliyotengenezewa.

Anayetaka kuona uzito wa jambo hili na aangalie safari namba 111 ya Swissair. Usiku wa tarehe 2 Septemba 1998, ndege aina ya MD-11 iliondoka New York kwenda Geneva ikiwa na watu 229. Dakika 53 baada ya kuruka, marubani walisikia harufu isiyo ya kawaida, na mwanzoni walidhani inatoka kwenye mfumo wa hewa. Dakika 21 baadaye ndege ilikuwa imeingia baharini karibu na Peggy's Cove, Nova Scotia, nchini Kanada. Hakupona hata mmoja. Wachunguzi wa Kanada waliopoa mabaki kutoka chini ya bahari, wakaipanga upya sehemu ya mbele ya ndege kipande kwa kipande, wakatafuta ncha za nyaya zenye vidonge vya shaba iliyoyeyuka. Taarifa yao ya mwaka 2003 ilisema kwamba moto huo, kwa uwezekano mkubwa, ulianzishwa na cheche za nyaya juu ya dari, upande wa kulia, karibu na ukuta wa nyuma wa chumba cha marubani. Waya mmoja uliokutwa na alama za cheche eneo hilo ulikuwa wa mfumo wa burudani wa abiria, na walieleza kwamba huenda haukuwa peke yake. Kuhusu breka waliandika wazi: za aina ile, zilizokuwa zikitumika kwenye ndege kwa ujumla, hazikuwa na uwezo wa kulinda dhidi ya kila aina ya cheche.

Cheche peke yake haikuimaliza ndege ile. Ilipata kuni. Yale mablanketi mepesi yanayopangwa ndani ya kuta za ndege kuzuia baridi na kelele yalikuwa yamefunikwa kwa plastiki nyembamba iliyopakwa metali, na plastiki hiyo ilikuwa ikishika moto na kuusambaza. Mamlaka ya anga ya Marekani iliamuru mwaka 2000 mablanketi ya aina hiyo yaondolewe kwenye ndege zilizokuwa nayo. Kwa maoni yangu hatua hiyo haijapewa heshima inayostahili, kwa sababu cheche huwezi kuhakikisha kwamba haitatokea kamwe, lakini unaweza kuhakikisha kwamba haina cha kuunguza.

Halafu kuna suala la swichi. Kwenye MD-11 kulikuwa na swichi moja ya kuzima umeme wa huduma za abiria, na ilikuwa mojawapo ya hatua za mwanzo marubani wanapokabiliwa na moshi usiojulikana chanzo. Mfumo wa burudani wa ndege ile ulifungwa baadaye, ndege ikiwa tayari kazini, na uliunganishwa kwenye njia nyingine ya umeme. Ukiizima swichi hiyo, mfumo wa burudani wenyewe unabaki na umeme. Rubani anafuata karatasi ya dharura neno kwa neno, anaamini amekata umeme wote wa abiria, kumbe hajaukata. Mtu anayesema "wangezima tu umeme" na alitafakari hilo.

Kuna kosa jingine la kuielewa breka ambalo limetoka majumbani moja kwa moja. Breka ikikata, mkono wa mwenye nyumba unakwenda kuirudisha, na isipokubali unairudisha tena. Tarehe 2 Juni 1983, ndani ya DC-9 ya Air Canada safari namba 797, breka tatu za mota ya kusafishia choo cha nyuma zilikata mfululizo. Rubani alijaribu kuzirudisha, zikakataa. Baada ya dakika kama nane alijaribu tena. Ndani ya muda huo moshi ukaanza kuonekana chooni. Ndege ilifanikiwa kutua Cincinnati, lakini kati ya watu 46 waliokuwemo, 23 walikufa. Milango ilipofunguliwa, hewa iliingia na moto ukalipuka kabini. Wachunguzi hawakuthibitisha moto ulianzia kwenye nini, kwa hiyo si haki kusema mota ya choo ndiyo iliyowasha. Kilichobaki ni funzo la breka: ikikata, imekupa taarifa. Siku hizi utaratibu uliozoeleka ni kutoirudisha breka hewani, isipokuwa kwa mara moja tu, na pale nahodha anapoona kifaa husika kinahitajika kwa usalama wa safari.

Dawa ya cheche ipo, na sehemu yake kubwa ni kazi ya mikono. Kuna breka mpya zenye elektroniki zinazosoma umbo la mkondo na kuutambua ule mruko-mruko wa cheche hata kama mkondo wenyewe ni mdogo. Lakini kabla ya hizo kuna fundi mwenye tochi na kioo. Anatazama kama waya umepishana na bomba, kama kishikizo kimelegea, kama vumbi la nyuzi za mazulia na viti limejikusanya juu ya mafungu ya nyaya, kama vipande vya bati vimefagiliwa kabla paneli haijarudishwa. Mwaka 2007 Marekani ilitoa kanuni zinazotaka nyaya za ndege zihesabiwe kuwa mfumo kamili, zenye ratiba yake ya kukaguliwa na kusafishwa. Kabla ya hapo zilionekana kama vitu vya kuunganisha mifumo mingine tu. Usafi huo abiria hauoni, na ndio unaomfikisha.

Nimeacha betri mwisho kwa sababu siku hizi ndizo zinazoonekana zaidi kwenye video, na ndizo zinazoitwa shoti bila kufikiri. Pawabanki ikifuka moshi kwenye sehemu ya mizigo juu ya viti, haijachomekwa kwenye umeme wa ndege. Hakuna breka kati yake na wewe. Ni kweli kwamba ndani ya seli, yaani chumba kimoja cha betri, utando unaotenganisha pande mbili, chanya na hasi, ukitoboka, pande hizo hugusana, na hapo neno shoti lina haki yake. Lakini hicho ni kiberiti tu. Kinachofuata ni kemia: joto linavunja kemikali za ndani, kuvunjika huko kunatoa joto jingine, hilo nalo linaipasha seli ya jirani, na mwendo huo hauhitaji umeme kutoka popote. Ndiyo sababu kizima moto cha gesi kinaweza kuua mwali na baada ya muda betri ikawaka upya. Betri inahitaji kupozwa, na maji mengi ndiyo yanayopoza.

Mfano mzuri wa mambo mawili yaliyokutana ni ile ndege ya Boeing 787 ya Ethiopian Airlines iliyoungua ikiwa imeegeshwa uwanja wa Heathrow, London, tarehe 12 Julai 2013, bila mtu ndani. Nyaya za kifaa cha kutoa ishara ya dharura zilikuwa zimebanwa chini ya kifuniko wakati wa kuzifunga. Shoti ikatokea, betri ya lithiamu ya kifaa hicho ikaanza kujichoma, na bodi ya ndege ikaungua upande wa juu kuelekea mkiani. Kwa hiyo shoti ilikuwepo, ila shoti ile pekee bila betri isingefika mbali.

Hapo ndipo zinapotoka amri ambazo wasafiri wetu wanaziona kama usumbufu. Pawabanki haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini kwa sababu kule hakuna mkono wa kuzifikia. Kabini kuna mhudumu na maji. Kiwango cha juu bila kibali ni wati-saa 100, kipimo cha umeme uliohifadhiwa kwenye betri, na kati ya 100 na 160 unahitaji kibali cha shirika. Ukitaka kujua yako, chukua uwezo wake ulioandikwa kwa mAh, gawa kwa 1,000, kisha zidisha kwa volti 3.7: ya mAh 20,000 inatoa wati-saa 74, inapita, ya 30,000 inatoa 111, ukaombe kibali. Baada ya Airbus ya Air Busan kuungua uwanja wa Gimhae tarehe 28 Januari 2025, na watu wote 176 kutoka wakiwa hai, Korea Kusini ilikataza kuziweka kwenye sehemu ya mizigo ya juu. Emirates, wanaowabeba wengi wetu kupitia Dubai, tangu tarehe 1 Oktoba 2025 wanaruhusu moja tu kwa abiria, na haitumiki wala haichajiwi ndani ya ndege. Simu ikiteleza ndani ya kiti, mwite mhudumu na usikisogeze kiti, kwa sababu chuma cha kiti kinaweza kuiponda betri.

Basi, ndugu zangu watangazaji na wengine, taarifa ya uchunguzi ikiwa haijatoka, semeni "moto" au "moshi ndani ya ndege". Inatosha, na hakuna atakayewalaumu. Mkijua umeanzia kwenye nyaya, semeni nyaya. Mkijua ni pawabanki ya abiria, semeni betri. Shoti iacheni kwa siku ambayo aliyechunguza ameiona.