Mchawi, Mlozi, Mwanga: Jinsia Isiyoandikwa Ndani ya Neno

Watafsiri wa hadithi hutuletea swali hili mara kwa mara: tumwiteje kwa Kiswahili mwanamke kama Circe, yule wa hadithi za Wagiriki aliyewageuza mabaharia wa Odysseus kuwa nguruwe? Wanatarajia tuwape neno moja la kike, kama wanavyoliona katika lugha za Ulaya. Jibu letu huwakatisha tamaa. Ni mchawi. Mwanamume ni mchawi, mwanamke ni mchawi, na anayetaka kusisitiza ataongeza "mwanamke" mbele yake au "wa kike" baada yake.

Sababu iko kwenye ngeli. M-WA humpokea mtu bila kumuuliza jinsia yake, na waliotafsiri maandiko wamekumbana na jambo hilo zamani. Katika Kutoka 22:18 neno la Kiebrania limekaa katika umbo la kike, kwa hiyo Biblia ya Kiswahili ya Muungano imeandika "mwanamke mchawi", maneno mawili mahali pa moja. Suratul Falaq ni kinyume chake. Kiarabu kinawataja wanaopulizia mafundoni kwa wingi wa kike. Wafasiri wengi wamesema ni wanawake wachawi, wengine wakasema ni nafsi, kwa kuwa nafsi katika Kiarabu ni ya kike. Anayesoma tafsiri ya Kiswahili haoni hata harufu ya mjadala huo. "Wanaopulizia" anaweza kuwa yeyote.

Maneno yenyewe tunayo, tena si haba. Mlozi limetokana na kuloga, kama mjenzi lilivyotokana na kujenga: g ikikutana na i ya mwishoni hugeuka z. Mzizi huo ni wa kale na umeenea mbali katika lugha za Kibantu. Waganda husema omulogo, Wagikuyu mũrogi, Wanyarwanda umurozi, na Wakongo ndoki. Kote huko neno halitaji mwanamke wala mwanamume.

Mwanga ni neno la usiku. Kuwanga ni kutoka wakati watu wamelala, uchi kama inavyosimuliwa, na kucheza kwenye nyua za wenzako. Wanafunzi huchanganyikiwa wakikuta neno hilohilo likimaanisha nuru, lakini wingi huyatenganisha: taa zina mianga, kijiji kina wanga. Mganga naye asiwekwe kapu moja na hawa. Kuganga ni kutibu, ndiyo maana tunaambiana yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Huko Zanzibar, katika kibuki, ngoma ya majini ambayo wengi wa washiriki wake ni wanawake, kiongozi huitwa fundi, neno lilelile la mwashi na seremala. Mwanamke anaheshimiwa kwa kujua kufanya kazi na majini, na hakuna anayelitafutia jina hilo umbo la kike.

Basi mwanamke anaingilia wapi? Anaingia pale neno linapotoka kamusini na kutafuta mtu wa kumwangukia. Shinyanga na Mwanza vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na wekundu huo mara nyingi ni kazi ya moshi: miaka mingi ya kupika kwa kuni au samadi kavu ndani ya nyumba isiyopitisha hewa. Kilifi alama imekuwa mvi, na huko wazee wa kiume nao wameuawa. Kwa hiyo neno ni lile lile, ila kila mahali lina sura yake linayoiwinda. Sheria ya Uchawi ya Kenya, ya mwaka 1925, inahesabu kuwa ni kosa kumtuhumu mtu uchawi mbele ya asiye na mamlaka; Tanganyika ilipata sheria yake mwaka 1928. Hakuna hata moja inayosema mchawi ni wa jinsia gani.

Ulaya ilikwenda njia nyingine, ikaiweka jinsia kwenye jalada. Kitabu maarufu cha kuwasaka wachawi, kilichochapwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1480, kina kichwa cha Kilatini Malleus Maleficarum. Neno la pili ni la wingi wa kike, yaani nyundo ya wachawi wanawake. Wanahistoria wengi hukadiria kuwa watu 40,000 hadi 60,000 waliuawa katika misako ya Ulaya, wengi wao wanawake. Hata hivyo Iceland karibu wote waliochomwa walikuwa wanaume.

Mwanamke akiwa kijana tena mrembo, lugha yetu hubadilika. Hapo neno mchawi huwekwa kando, kitenzi kikashika kazi, tena katika hali ya kutendwa: kaka fulani karogwa, kalishwa limbwata (dawa ya mapenzi), kawekwa kiganjani. Mume anayefua nguo na kurudi nyumbani mapema hapewi sifa yake. Sifa inakwenda kwenye limbwata. Angalia sarufi ya umbea huo. Mtenda hatajwi, lakini hakuna msikilizaji asiyemjua. Binafsi sijawahi kusikia mke anayemsikiliza sana mumewe akaambiwa kalishwa limbwata.

Kwa mtafsiri, hiyo ni hazina. Mwanamke anayewapumbaza wanaume kwa uzuri wake asilazimishiwe nomino. Sema ana haiba, ana mvuto, ana nyota kali. Au waseme wanaume wenyewe kwamba wamerogwa, maana ndivyo watakavyosema. Circe abaki mchawi au mlozi, kwa kuwa yeye ana dawa na fimbo, hategemei uzuri peke yake.

Wanaosumbua zaidi ni wale waimbaji, kwa Kiingereza Sirens, waliomfanya Odysseus afungwe kwenye mlingoti. Ukiiachia mashine ya kutafsiri itakuletea "ving'ora", na baharia wa Homer, mshairi wa Kigiriki wa hadithi hiyo, atajikuta akifukuzwa na gari la zimamoto. Wengi hukimbilia "nguva". Hawajakosea sana, kwani wanazuolojia nao wamelipa kundi la nguva jina Sirenia kutokana na hadithi hiyohiyo. Shida ni kwamba wachoraji wa Kigiriki waliwachora wakiwa na miili ya ndege. Mkia wa samaki ulikuja karne nyingi baadaye. Homer mwenyewe hakueleza wana maumbile gani. Alieleza wimbo tu. Kwa hiyo sisi huandika "waimbaji walozi", wawili, kama alivyowahesabu yeye.