Mwacheni mhusika afike mwenyewe: hatari inavyogeuka kuwa kweli kwenye anime

Wiki mbili nyuma kijana mmoja ninayemfundisha kuchora storibodi, ile michoro ya visanduku inayopanga sini kabla haijatengenezwa, aliniletea kazi yake, sini ya binti anayegundua kwamba kwenye nyumba anayoishi kuna kitu kinakula watu. Nikahesabu visanduku, viko 14, na 9 kati ya hivyo ni macho tu. Macho yamemtoka, mdomo wazi, jasho linamchuruzika, alafu macho tena ila kwa karibu zaidi. Kuchora anajua, mkono wake ni mzuri kuliko wangu nilipokuwa na umri wake, lakini niliangalia mpaka mwisho na mwili wangu haukustuka hata kidogo, na yeye mwenyewe aliliona hilo akaniuliza, mwalimu mbona haitishi?

Nikamwambia haitishi sababu unamkimbiza. Unataka huyu binti aone, aelewe, aamini na apige kelele, vyote ndani ya sekunde nne, na binadamu hayuko hivyo. Kuona ni kitu kimoja na kuamini ni kitu kingine, kati yake kuna pengo, na mi nikiangalia anime, yaani katuni za Kijapani, huwa naangalia hilo pengo kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Maana sisi watazamaji hatari tunaijua tayari, tumeona bango, tumeona trela, rafiki kashatusimulia nusu ya hadithi. Anayechelewa kujua ni mhusika peke yake. Kwa hiyo kutushtua sisi ni kazi ndogo, kazi kubwa ni kumsubiri yeye afike. Nilimuahidi nitamuandikia vizuri, ndo hii hapa, na kama hujaangalia The Promised Neverland, Attack on Titan, Sword Art Online au Madoka Magica basi ujue kabisa humu ndani nafichua vifo na siri, kaangalie kwanza alafu urudi.

Tuanze na sungura. The Promised Neverland, anime ya mwaka 2019 kutoka studio ya CloverWorks, episodi ya kwanza. Watoto wanaishi kwenye kituo cha yatima kizuri sana, wamevaa nguo nyeupe, chakula cha kushiba, mitihani kila siku, na Mama anayewalea anawapenda. Sheria kubwa ni moja, msiende getini. Conny ana miaka 6, usiku huo anaondoka kwenda kwa familia mpya, kavaa koti na kofia ya safari, na anawaambia wenzake akikua atakuwa mama kama Mama. Kaondoka. Alafu anaonekana yule sungura wake wa kitambaa, kasahaulika.

Sasa angalia Emma na Norman, wawili kati ya watoto wakubwa pale kituoni, wanaenda getini kufanya nini. Hawaendi kuchunguza, wala hawana shaka na mtu yeyote, wanaenda kumrudishia mdogo wao sungura wake. Hiyo kwangu ndo akili kubwa kabisa ya ile episodi. Wamevunja sheria kwa sababu ya wema, na hatari wanaikuta wakiwa wameshika kitu laini mkononi. Kuna lori limepaki, hakuna mtu, wanasema tumuwekee humu nyuma atamkuta, Emma anafunua turubai, na Conny yumo mle, amekufa, kachomekwa ua kifuani.

Pale pale mchoraji mchanga angeweka kelele. Lakini kelele haipo, kuna sungura anayeanguka chini. Mkono umelegea kabla akili haijasema neno, na ukishawahi kupokea simu mbaya unajua ni kweli, simu inadondoka mtu akiwa bado anasema "haloo, haloo". Watoto wanasikia hatua, wanajibana chini ya lori, na wakiwa mle ndo wanaliona lile jitu na wanasikia kwamba wao ni nyama, nyama ya daraja la juu, na Mama yupo pale pale anapewa maelekezo kuhusu usafirishaji unaofuata. Kamera inabaki chini nao, tunaona kidogo kile wanachokiona wao na si zaidi. Kelele ya Emma inakuja baadaye kabisa, wakiwa wameshakimbia wako mbali na geti, huku yeye bado anatafuta mlango wa kutokea, anataka Norman amwambie kwamba yule hakuwa Conny. Norman hampi huo mlango. Hapo ndo Emma anafika. Sisi tulifika dakika kadhaa kabla yake, yaani tulitangulia tukamngojea, na kumngojea kule ndo kunauma.

Wakirudi, mwenzao Ray anawauliza imekuwaje. Norman anajibu, hatukuwahi. Kwa Ray ni jibu la kawaida, lori liliondoka mapema. Kwa sisi tuliotoka nao kule chini ya lori ni kitu kingine kabisa.

Na sungura je? Walimuacha kule. Mama kamuokota.

Nitoke kidogo nje ya hadithi niseme kitu cha ufundi, maana watu wananiuliza sana kwa nini anime inathubutu kusimamisha picha mtu akiwa kaduwaa, wakati katuni nyingine kila kitu kinaruka ruka. Sekunde moja ya video ina fremu 24, lakini anime za TV kwa kawaida hazichorwi michoro 24, mchoro mmoja unashikiliwa fremu 2 au 3, kwa hiyo sekunde nzima unakuta ina michoro 12 au 8, na sehemu nyingine ni mchoro mmoja tu umekaa pale unaongea na sauti. Huu mtindo ulishika mizizi tangu mchoraji Osamu Tezuka alipoleta Astro Boy kwenye TV mwaka 1963, hela kidogo, muda kidogo, na kila wiki episodi mpya inasubiriwa. Waliobana matumizi wakagundua kitu: picha iliyosimama ina nguvu zake. Mtu aliyepigwa na bumbuwazi hasogei! Ukimchora kasimama, upepo tu unapita kwenye nywele, na nyuma unaacha wadudu wanalia kama vile hakuna kilichotokea, umemchora kwa usahihi kuliko ungempa michoro 24 ya kutetemeka. Kwa hiyo ewe mwanafunzi wangu, usione aibu kushikilia kisanduku kimoja kwa sekunde tatu.

Sword Art Online ya 2012 nitaipitia haraka sababu ile episodi ya kwanza ina kitu kizuri sana na kitu ambacho mi sikipendi. Wachezaji 10,000 wameingia kwenye gemu kwa kofia ya kuvaa kichwani, mchezaji mmoja, Klein, anamwambia mwenzake Kirito ngoja nitoke, nimeagiza piza inafika saa kumi na moja na nusu. Anafungua menyu, kitufe cha kutoka hakipo. Haogopi, anadhani ni hitilafu ya siku ya kwanza, anachowaza ni piza yake inapoa. Hicho ndo kizuri, hatari imeingia kwa mlango wa piza. Kisichonifurahisha ni kinachofuata uwanjani, mbingu inakuwa nyekundu, jitu la joho linatokea angani na kueleza kila kitu kwa hotuba, kwamba ukifa humu unakufa kweli, kwamba watu 213 wameshakufa. Ni maelezo mengi mno mtu anasomewa. Wengine pale uwanjani bado wanadhani ni shamrashamra za uzinduzi na mi nawaelewa, hotuba haimfanyi mtu aamini. Kirito anafika baadaye, usiku, yuko peke yake porini anakimbia na kupiga kelele, na wakati huo hakuna anayemuelezea kitu.

Attack on Titan sasa, watu wanaishi nyuma ya ukuta kujikinga na majitu yanayokula watu. Watu wengi wakizungumzia episodi ya kwanza ya 2013 wanaongelea lile jitu la mita 60 linachungulia juu ya ukuta wa mita 50, na ni picha kubwa kweli, siikatai. Ila anayenifundisha mimi ni Hannes, yule askari mlevi. Mwanzoni kabisa mtoto Eren anamfokea, mnakunywa kazini, majitu yakiingia je? Hannes anacheka, anamwambia sisi tukionekana hatuna kazi ndo ujue watu wanaishi kwa amani. Na ana haki ya kusema hivyo, zaidi ya miaka 100 hakuna kilichoingia! Baba yake na babu yake wamezeeka ndani ya amani ile. Hannes hatari anaijua kama jina, kama sisi tunavyojua majina ya magonjwa ambayo hayajaingia nyumbani kwetu.

Ukuta unavunjwa, jiwe linaangukia nyumba ya kina Eren, mama yake Carla kabanwa miguu, watoto wanamvuta haatoki, na jitu linakuja. Hannes anatokea. Ana deni kwa familia ile, na anasema ataliua jitu awaokoe wote watatu, na mi naamini wakati anasema hayo anamaanisha. Anakimbia, anachomoa panga. Anafika mbele yake, anainua macho, anaona ule uso unaotabasamu. Anasimama. Hakuna kilichomgusa, hajajeruhiwa, ni uso tu kauona, na pale pale anarudisha panga, anageuka, anawabeba watoto na kukimbia. Sini nzima ya askari kujua kwamba hatari ni ya kweli imechorwa kwa miguu iliyogoma, na sijaona bora zaidi ya hiyo kwa mtu mzima. Watoto wanaamini haraka, mtu mzima ana miaka mingi ya kubomoa kwanza.

Na kuna kitu watu wanakipita. Carla anamshukuru Hannes kwa kuwachukua watoto, alafu anajiziba mdomo kwa mikono ili wasimsikie, na chini ya mikono ile ananong'ona, msiende. Nimeichora ile mikono mara nyingi kwenye daftari langu la mazoezi na bado sijaipatia.

Nimeiacha Madoka Magica mwisho sababu ndo ninayoipenda kuliko zote. Studio Shaft, imeandikwa na Gen Urobuchi, ilianza Januari 2011, episodi 12 tu. Kwa wasiojua, ni wasichana wa shule wanapewa nguvu za kichawi wapigane na wachawi wabaya, rangi za pipi, na Mami Tomoe ndo dada mkubwa, anapigana na bunduki za kizamani kwa madaha kama anacheza dansi. Madoka na rafiki yake Sayaka wanamfuata wakiangalia, kama wanafunzi kwenye safari ya shule. Madoka kachora kabisa kwenye daftari lake nguo atakazovaa siku akiwa mchawi mwema. Daftari hilo lishike akilini.

Episodi ya tatu Mami anaambiwa na Madoka kwamba hatapigana tena peke yake, analia kwa furaha, kumbe dada mkubwa alikuwa mpweke muda wote. Anaingia vitani anasema sasa siogopi kitu. Anakapiga risasi kale kamdoli kachawi, anakafunga kwa utepe, anakamaliza kwa bunduki kubwa, na kutoka mdomoni mwa kamdoli kinatoka kitu kirefu chenye uso wa kuchora, kinamsogelea Mami na yeye kaganda, na kinamkata kichwa. Ni kitambo kifupi mno. Wapi Mami alijua? Sidhani kama aliwahi kujua, na hilo ndo linanitesa. Anayejua kwanza ni Homura, msichana mwingine mwenye nguvu za kichawi, aliyekuwa kafungwa na utepe wa Mami sehemu nyingine, sababu utepe ule unapotea wenyewe. Fikiria habari ya kifo inakufikia kwa kamba kukuachia!

Lakini Madoka hajafika bado. Kaona, kalia, ila hajafika. Anafika kesho yake asubuhi, mwanzo wa episodi ya nne, mezani. Kwao anayepika ni baba. Yuko mezani na familia yake, anatia chakula mdomoni, na machozi yanaanza kumtoka. Baba anauliza, kwani kibaya? Hapana, anasema, ni kitamu sana. Ukiwa hai, chakula cha baba kinakuwa kitamu hivi. Wazazi wanaangaliana hawaelewi. Nilipoiona mara ya kwanza nilivua hedifoni nikakaa. Msichana anajua kifo ni cha kweli kwa sababu yai lina ladha.

Alafu anakwenda nyumbani kwa Mami ambako hakuna anayemngoja Mami, wazazi walishafariki, na Homura anakuja kumwambia baadaye kwamba aliyefia mle kwa wachawi habaki hata mwili, kwa watu wa nje atakuwa tu kapotea. Madoka analiacha lile daftari pale mezani. Daftari lilikuwa la ndoto ya nguo nzuri, sasa ni kama kilichozikwa badala ya mwenyewe. Ule mchoro haukubadilishwa hata mstari mmoja.

Kwa hiyo nimemrudishia kijana visanduku vyake 14 na nimemuomba afute macho 7, abakishe mawili. Anitafutie huyo binti alikuwa kashika nini mkononi alipofungua mlango, na nani wa nyumba ile kila siku anamwachia chakula, na kesho yake asubuhi akikaa mezani anafanyaje mbele ya sahani. Jana usiku kanitumia kwenye simu visanduku vitatu vya mwanzo. Binti kashika ndoo ya maji, maji yanamwagika miguuni mwake taratibu, na yeye bado hajaangalia chini.