Ukisubiri kumkamata mwanafunzi na desa (kikaratasi cha kuibia mtihani) mkononi umeshachelewa

Midtemu inakaribia na walimu wapya wameshaanza kuniuliza swali lao la kila mwaka, eti mwalimu nisimamie vipi wasiibie. Mimi nafundisha Hesabu shule ya kata na nashika taaluma pia, yaani ratiba ya mitihani, kudurufu, kupanga wasimamizi na kesi zote za kuangalizia zinaishia mezani kwangu, na jibu langu huwa haliwafurahishi sana. Kusimamia ndo kitu cha mwisho kabisa. Una watoto 70 chumba kimoja, uko peke yako, meza zimebanana mpaka huwezi kupita katikati bila kugonga mkebe wa mtu, hapo hata uwe mkali kiasi gani macho mawili hayatoshi. Kama karatasi yenyewe inaibika na meza zimekaa kiwizi wataiba tu, wewe utabaki kukohoa na kugonga ubao.

Tuanze na karatasi. Shule nyingi hatuna mashine ya kudurufu inayofanya kazi, kwa hiyo mtihani unapelekwa steshenari, unachapwa pale kwenye kompyuta ya duka, unatolewa fotokopi, mwalimu analipa anaondoka. Faili limebaki kwenye desktop. Kopi mbili tatu zilizotoka na wino hafifu zimebaki kwenye ndoo ya taka au ndo zinafungiwa bidhaa. Na mtoto wa kidato cha tatu anapita hapo kununua kalamu! Chapa mwenyewe kwenye simu au laptop yako ukiweza, peleka kwenye flashi, fungua faili hapo hapo kwenye flashi usikopi kwenye kompyuta yao, simama mpaka mashine imalize, ondoka na kopi zote hata zile mbovu. Ukifika shule hesabu, funga kwenye bahasha, andika idadi juu, kabati lifungwe na funguo akae nayo mtu mmoja. Sio kumwachia monita aende kuchukua "ile bahasha ya njano ofisini".

Mlango mwingine wa wizi ni uvivu wetu sisi wenyewe, tusifichane. Mwalimu anadownload mtihani wa moko (ule wa majaribio) wa mkoa fulani kwenye mtandao, anabadilisha jina la shule juu, anapeleka kudurufu. Watoto nao wana magrupu ya WhatsApp kwenye simu za dada zao na mitihani ile ile iko mule pamoja na majibu yake, tena mengine yamekosewa, ndo maana unakuta nusu ya darasa imekosa swali moja kwa namna moja. Huyo wala hujamkamata akiibia kwa sababu chumbani hakuibia chochote, alikuja na jibu kichwani.

Wakenya walinifundisha kitu hapa. Mwaka 2016 waziri wa elimu Fred Matiang'i na George Magoha aliyewekwa kuongoza bodi ya baraza lao la mitihani waliibana KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, kweli kweli, wakuu wa shule wakafanywa wao wenyewe ndo wa kufuata karatasi kwenye makontena asubuhi ya mtihani, na muhula wa tatu wakapiga marufuku siku za wazazi kutembelea shule na hata zile sala za kuwaombea watahiniwa. Waliopata A mwaka 2015 walikuwa zaidi ya 2,600, mwaka 2016 wakawa 141. Najua kuna mabishano kuhusu usahihishaji wa mwaka ule na sio tofauti yote ni wizi, ila angalia walipoanzia, walianza na njia ya karatasi sio na mahubiri kwa watoto. Huku kwetu Tanzania pia mwaka 2018 NECTA, baraza letu la mitihani, ilipofuta mtihani wa darasa la saba kwa shule za wilaya ya Chemba, Dodoma, na nyingine kadhaa, watoto wakarudia tarehe 8 Oktoba, watu wazima nao waliguswa, sio watoto peke yao.

Haya, karatasi iko salama, sasa chumba. Dawa kubwa na haina gharama ni kuchanganya madarasa. Safu ya kidato cha kwanza, safu ya kidato cha tatu, safu ya kwanza tena, hivyo hivyo mpaka ukutani, na masomo yawe tofauti. Kuna walimu wanalalamika inasumbua kugawa karatasi, ni kweli inasumbua, dakika kumi za mwanzo ni vurugu, ila baada ya hapo chumba kinatulia chenyewe maana wa kulia kwake anafanya Biolojia na wa kushoto anafanya Historia, aangalizie nini? Namba za kukaa zibandikwe asubuhi ile ile na sio jana yake. Ukibandika jana, jioni wanakwenda kuandika mezani kwa penseli, na ile penseli ukiwa umesimama mbele huioni mpaka uinamie upande wa mwanga. Mimi huwa nageuza meza kabla hawajaingia, upande wa droo uangalie mbele, au nazibadilisha safu nzima.

Kama chumba hakitoshi na lazima wakae darasa moja, toa matoleo mawili ya mtihani. Hapa watu wanakosea kwa kutangaza, eti toleo A na toleo B, moja karatasi nyeupe nyingine ya pinki, kwa hiyo mtoto anajua amtafute nani mwenye pinki. Fanya yafanane kwa sura. Swali la nne kwa huyu ni x² − 5x + 6 = 0, kwa jirani yake ni x² − 7x + 12 = 0, nafasi ile ile, maandishi yale yale, kwa jicho la pembeni hazitofautiani. Majibu ya kwanza ni 2 na 3, ya pili ni 3 na 4. Ukisahihisha ukamkuta mwenye swali la pili kaandika 2 na 3 na njia yote imenyooka, kakuandikia ushahidi kwa mkono wake. Kwa masomo ya kuandika badilisha mpangilio wa maswali, na yale ya kuchagua badilisha mpangilio wa herufi, maana zile ishara za vidole (kushika sikio ni A, pua ni B) zinakufa hapo.

Wakati wenyewe wa kusimamia sina mengi. Kaa nyuma, sio mbele, mtoto asiyejua unaangalia wapi hawezi kupanga. Mabegi nje au mbele ubaoni, mikebe ifunguliwe, kikokotoo kitolewe kwenye kava lake, lebo za chupa za maji ziangaliwe. Chooni mmoja mmoja na andika saa, na mtu apite kukagua choo kabla, madesa mengi yanalala kule juu ya ukuta. Wasichana wakaguliwe na madam, hili halina mjadala. Na weka simu yako mfukoni, msimamizi anayechati ni likizo kwao.

Ukimkamata je? Usimchanie karatasi na usimchape pale pale, darasa zima litasimama kufanya mtihani na nyuma yako wengine kumi watabadilishana majibu wakati wewe unafoka. Chukua kile ulichomkuta nacho, andika saa kwenye karatasi yake ya majibu pale alipofikia, mpe karatasi nyingine aendelee. Baadae ofisini aandike maelezo kwa mkono wake, na wewe andika ya kwako. Mzazi akija unakuwa na kitu cha kumwonyesha, sio "mimi nilimwona".

Sasa hili ndo wengi hatutaki kuligusa. Ukikusanya madesa ukayasoma, yale ya masomo ya Kiingereza, mengi hayana akili ya wizi kabisa. Ni sentensi. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, kaingia kidato cha kwanza kila kitu kimegeuka Kiingereza, anaijua usanisinuru vizuri tu na ukimwambia akueleze kwa mdomo anaeleza mpaka unafurahi, ila sentensi ya kuiandika hana, kwa hiyo anaibeba mfukoni. Na mtihani wetu unamwomba afanye hivyo: taja, orodhesha, toa maana, sababu tano. Swali linalojibiwa kwa kunakili daftari litanakiliwa tu, ama kwa kukariri ama kwa kikaratasi, na ukiniuliza mimi tofauti ya hao wawili kielimu ni ndogo kuliko tunavyojifanya. Badilisha swali. Jiografia, mpe jedwali la mvua la miezi 12 muulize alime nini na lini. Biolojia, mchoro usio na majina na maelezo mafupi ya mgonjwa. Jibu liwe fupi, maksi ziwe kwenye kufikiri sio kwenye urefu wa Kiingereza.

Kwenye test za kawaida mimi naruhusu desa kabisa. Upande mmoja wa karatasi, kwa mwandiko wake mwenyewe, jina juu, na linakusanywa pamoja na mtihani. Mwanzoni wenzangu walinicheka. Lakini mtoto akikaa usiku mzima kuchagua fomula zipi ziingie na zipi ziachwe ameshasoma bila kujua, na kesho yake halifungui sana. Siwezi kufanya hivyo kwenye teminali, ule mtihani wa mwisho wa muhula, kwa sababu alama zile zinaingia kwenye upimaji endelevu, na pale lazima wote wapimwe sawa.

Halafu kwenye kusahihisha, usisahihishe kwa mpangilio wa majina, sahihisha kwa mpangilio wa kukaa, ndo maana zikusanywe safu kwa safu. Majirani wawili kupata sawa sio ushahidi, wote wamefundishwa na wewe. Kukosea sawa ndo jambo, hasa kosa la ajabu kama kusahau alama ya kutoa mstari ule ule halafu irudi yenyewe mistari miwili chini. Hapo nawaita kila mmoja kwa wakati wake, swali la aina ile ile lenye namba nyingine, chaki mkononi, dakika tano ubaoni. Mwenye kazi yake anafanya, na mwingine anaanza kuniuliza kama kesho anaweza kurudi.