Picha za Kale za Unguja na Vitabu Vinavyozihifadhi: Dhana Potofu na Ukweli

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zililipiga kwa mizinga kasri la Sultani wa Zanzibar kwa muda usiofika saa moja, na meli ya Sultani iliyoitwa Glasgow ikazama bandarini mbele ya kasri hilo. Maji ya mahali pale hayakuwa na kina cha kuimeza yote. Milingoti yake ilibaki ikichomoza juu ya bahari kwa miaka mingi, na mabaki yake yalikuja kuvunjwa mwaka 1912. Kwa hiyo mtu akifungua kitabu cha picha za Unguja ya zamani akaiona milingoti hiyo imesimama majini bila meli chini yake, anajua kwamba picha ile haiwezi kuwa ya kabla ya Agosti 1896, wala haiwezi kuwa ya baada ya 1912, hata kama maneno yaliyochapwa chini yake yanasema vingine. Hivyo ndivyo kitabu cha picha kinavyosomwa. Bahati mbaya wengi wetu huvipekua tu vitabu hivi, tukapendezwa, tukavirudisha mezani, na katika kupekua huko tunajengeka katika dhana ambazo zimekaa nasi muda mrefu mno.

Dhana iliyo kubwa kuliko zote ni kwamba picha haisemi uongo. Husemwa kwamba mchoraji anaweza kuongeza na kupunguza, ilhali kamera huchukua kilichopo. Ukweli ni kwamba kamera huchukua kile ambacho vifaa vyake vinaweza kukichukua, na vifaa vya karne ya 19 vilikuwa na mipaka mikubwa. Mfano unaojulikana sana ni picha ambayo Louis Daguerre, Mfaransa aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa upigaji picha, aliipiga jijini Paris mwaka 1838, ikionyesha barabara ya Boulevard du Temple. Barabara hiyo ilikuwa na watu na magari ya farasi tele, lakini katika picha inaonekana tupu, isipokuwa mtu mmoja aliyesimama akipigiwa viatu rangi. Kamera ilihitaji dakika kadhaa za mwanga ili kuandika sura ya kitu, na kila aliyekuwa akitembea alipita bila kuacha alama. Thomas Annan, aliyepiga picha vichochoro vya mji wa Glasgow, Uskoti, kati ya 1868 na 1871 kabla havijabomolewa, alikuwa na vifaa bora zaidi, na bado watoto waliotikisika mbele ya kamera yake wamebaki kama moshi mweupe ukutani.

Katika pwani yetu mambo yalikuwa magumu zaidi. Kwa ufundi uliotumika baada ya 1851, mpiga picha alipaka dawa ya kunasa mwanga kwenye sahani ya kioo, akaitia ndani ya kamera ikiwa bado mbichi, akapiga, kisha akaisafisha hapo hapo ndani ya hema la giza kabla haijakauka. Katika joto la Unguja au Mombasa dawa hiyo hukauka upesi. Matokeo yake ni kwamba picha nyingi za mwanzo zinaonyesha majengo, bandari kwa mbali, na watu walioamriwa wasimame wasitikisike. Anayeziangalia leo huona mji uliolala, wenye nyumba kubwa nyeupe na vichochoro vitupu, akadhani hivyo ndivyo maisha yalivyokuwa. Lakini Unguja ya Sultani Barghash ilikuwa bandari yenye msongamano, yenye karafuu, pembe za ndovu, mabaharia wa majahazi, wachukuzi na wafanyabiashara kutoka Kutch, Hadhramaut, Ngazija na Bara. Ukimya tunaouona pichani ulitokana na sahani ya kioo.

Rangi nazo hutupotosha, na jambo hili halisemwi vya kutosha. Dawa za zamani ziliathiriwa mno na mwanga wa buluu na hazikuathiriwa na mwekundu, kwa hiyo anga ya buluu ilitoka nyeupe kama karatasi, na kitambaa chekundu kilitoka karibu cheusi. Kanga ya mwishoni mwa karne ya 19, au leso kama wasemavyo Mombasa, inaweza kuonekana pichani ya maombolezo ilhali ilikuwa nyekundu ya kumeremeta. Hata ngozi za watu zilitoka nyeusi kuliko zilivyokuwa. Siku hizi kuna programu za kompyuta zinazotia rangi picha za kale kwa kubahatisha, na picha hizo zinasambaa upesi, watu wakiamini kwamba sasa wanawaona mababu zao kama walivyokuwa. Programu hiyo haijui kwamba weusi inaouona ulikuwa wekundu. Mhariri wa kitabu anayejali kazi yake asingezitia rangi picha hizo, au angalau angemwambia msomaji lililofanyika.

Dhana nyingine, ambayo hunisikitisha zaidi kwa sababu inatupokonya kilicho chetu, ni ile inayosema kwamba picha zote za zamani za pwani hii zilipigwa na Wazungu waliokuja kututazama. Ni kweli kwamba wageni walianza mapema. Msafara wa Wafaransa ulioongozwa na Charles Guillain ulipita pwani yetu kati ya 1846 na 1848 ukiwa na kamera, na baadhi ya picha zake zilichorwa upya ili zichapishwe, kwa kuwa mitambo ya wakati ule haikuweza kuchapa picha moja kwa moja kwenye kitabu. Ni kweli pia kwamba Walther Dobbertin, Mjerumani aliyekuwa na studio Dar es Salaam kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, aliacha hazina kubwa ya picha ambazo sehemu yake imehifadhiwa katika nyaraka za taifa za Ujerumani. Lakini waliokaa na kuifanya kazi hii kizazi baada ya kizazi, wakawapiga picha watawala, maharusi, wafanyabiashara na watoto waliovalishwa nguo za Idi, wengi wao walikuwa wakazi wa miji hii hii. A. C. Gomes, Mgoa, alikuwa na studio Unguja tangu karne ya 19, na mwanawe akairithi kazi. Ndugu wa Coutinho, nao Wagoa, walifanya kazi katika mji huo huo. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, ambayo mwanawe aliiendeleza baada yake. Lamu alikuwako Omar Said Bakor, aliyejulikana kwa picha zake za kukata na kuunganisha, ambazo hakuna mgeni yeyote aliyemfundisha. Na Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi na kukulia Dar es Salaam, alianzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, mwaka 1963 akatoa vitabu vikubwa vya picha kuhusu Kenya na Tanzania kabla ya kufariki katika ajali ya ndege iliyotekwa karibu na Komoro mwaka 1996.

Tofauti hii si ya kujivunia majina tu. Mteja aliyeingia studio ya Oza alilipa fedha yake, akachagua nguo, akachagua asimame au aketi, akaamua aonekaneje. Mtu aliyepigwa picha na msafara wa wageni kwa kawaida hakuamua chochote. Vitabu vingi huzichanganya picha za aina hizi mbili katika ukurasa mmoja bila kusema neno, msomaji akadhani zinatoka mahali pamoja. Hazitoki mahali pamoja hata kidogo.

Kutoka hapo tunafika kwenye maelezo ya chini ya picha, ambayo watu huyachukua kuwa ndiyo ukweli wenyewe. Studio za Unguja ziliuza picha zao kama postikadi kwa abiria wa meli, na biashara ya postikadi haikuhitaji jina la mtu. Ilihitaji namna ya mtu. Ndiyo maana mwanamke aliyekuwa na jina, ukoo na mtaa alichapwa chini yake maneno kama “mrembo wa Kiswahili” au “mwanamke wa kienyeji”, na katika biashara hiyo picha moja iliweza kuchapwa tena na tena kwa maelezo tofauti, kulingana na alichopenda mnunuzi. Kitabu cha leo kinachonakili maelezo hayo bila kuyahoji kinaendeleza kosa lile lile kwenye karatasi nzuri zaidi.

Tarehe nazo hukosewa mara nyingi, lakini hapa msomaji ana silaha. Chukua jengo la Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu la Unguja, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Katika picha za mwanzo mnara umesimama peke yake mbele ya jengo, upande wa bahari. Mizinga ya 1896 iliuharibu mnara huo, na jengo lilipokarabatiwa, mnara wa saa ukajengwa kwenye uso wa jengo lenyewe, ndio tuliouzoea sote. Kwa hiyo picha yenye mnara uliojitenga ni ya kabla ya vita vile vifupi, na yenye mnara uliounganishwa ni ya baada yake. Nimekuta picha za aina hizi mbili zimepewa mwaka mmoja katika kitabu kimoja, kurasa chache tu zikizitenganisha.

Wako pia wanaodhani kwamba kisichokuwamo katika picha hakikuwapo, au hakikuwa na maana. Fungua vitabu vinavyouzwa vya Zanzibar uhesabu kurasa za Mji Mkongwe na kurasa za Ng'ambo. Milango ya nakshi, vibaraza na kasri zimejaa tele. Ng'ambo ya pili ya mkondo wa maji, ambao ulikuja kufukiwa na kuacha jina la Darajani kama kumbukumbu ya daraja lake, waliishi maelfu ya watu waliokuwa wakijenga, wakipika, wakichukua mizigo na kuimba taarab, na picha zao ni chache. Uchache huo ulisababishwa na mahali wapiga picha walipochagua kusimama, na pia na nani aliyekuwa na fedha ya studio. Baada ya Mapinduzi ya 1964 familia nyingi zilihama, zikaenda na albamu zao Oman, Uingereza, Kanada, Dar es Salaam na Mombasa, kwa hiyo hata kile kilichopigwa picha hakipo tena mahali pamoja.

Mfano mzito zaidi wa jambo hili uko Uganda. Katika shirika la utangazaji la nchi hiyo zilipatikana negativu zipatazo 70,000 zilizopigwa na wapiga picha wa serikali, nyingi zikiwa za wakati wa utawala wa Idi Amin, na mwaka 2019 baadhi zilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda jijini Kampala. Zimejaa mikutano, hotuba, ziara na sherehe. Mauaji ya miaka ile karibu hayaonekani kabisa. Anayezitazama bila kuijua historia anaweza kuondoka akiamini kwamba ulikuwa wakati wa shamrashamra, na hilo ndilo serikali iliyowatuma wapiga picha hao ilitaka aamini.

Kuhusu dai kwamba vitabu vya picha ni pambo la sebuleni au zawadi ya watalii, nitasema kwa ufupi. Ernest Cole alipiga picha maisha ya Waafrika chini ya ubaguzi wa rangi, akatoroka Afrika Kusini mwaka 1966, na kitabu chake, House of Bondage, kilichotoka mwaka uliofuata, kilipigwa marufuku nchini mwake. Serikali haipigi marufuku pambo. Na hapa kwetu, sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020 pamoja na mnara wake wa saa, kila picha nzuri ya jengo hilo iligeuka ushahidi wa namna nguzo zilivyopangwa na veranda zilivyoshikiliwa.

Wengine husema intaneti imeviua vitabu hivi. Intaneti imetusaidia sana. Mkusanyo wa Winterton katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, una picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1860 hadi 1960, na mwanafunzi wa Tanga anaweza kuzitazama bila nauli. Lakini picha inayozunguka kwenye simu hufika bila jina la aliyeipiga, bila mwaka, bila jirani yake wa kulia na kushoto. Kitabu kina mpangilio, na mpangilio ni kauli ya mwandishi. Mpiga picha Robert Frank alipiga picha zaidi ya 27,000 akizunguka Marekani katikati ya miaka ya 1950, akachagua 83 tu kwa ajili ya kitabu chake. Aliyoyasema kuhusu nchi ile yamo katika kuchagua huko na katika kupanga ipi ifuate ipi.

Imebaki dhana moja ambayo hata wahariri hodari wanayo, kwamba picha ina upande mmoja. Picha ya karatasi ina mgongo. Huko nyuma ndiko ulikopigwa muhuri wa studio, ndiko mtu alikoandika kwa kalamu ya risasi jina la shangazi, mtaa, mwaka wa harusi, au salamu kwa ndugu aliyekuwa Maskati akingojea kuiona sura ya mtoto. Anayekaa na mzee wa mitaa ya Malindi au Kikwajuni, Unguja, juu ya albamu ya familia hujionea mwenyewe: mzee huitazama sura kwa muda mfupi, kisha huichomoa picha kwenye vipembe vyake na kuigeuza asome. Vitabu vyetu karibu vyote vimechapa nyuso za picha hizo na kuiacha migongo yake kabatini, na watu walioutambua mwandiko ule wanazidi kupungua. Wanaotayarisha vitabu vipya vya Unguja, Lamu, Bagamoyo na Mombasa wachape pande zote mbili.