Kiilokano na Kiodia: Jinsi ya Kujaza Sehemu ya Lugha Unapoomba Mkalimani

Malalamiko yameongezeka kwamba kitengo chetu kinarudisha fomu za maombi ya ukalimani kwa "sababu ndogondogo". Sababu hizo nyingi ziko katika kisanduku kimoja, cha lugha. Wakala wa meli ana baharia kutoka Ilocos, anaandika "Kifilipino". Ana mwingine kutoka Odisha, anaandika "Kihindi". Wapo wanaoandika "Kiasia" kwa wote wawili, kisha wanauliza kwa nini hatukumtuma mkalimani mmoja ili gharama ipungue. Hatudhani kuna mwenye nia mbaya. Ila Kiasia si lugha, na tungependa kuacha kulieleza hilo kwenye simu.

Kiilokano ni lugha ya kaskazini mwa kisiwa cha Luzon, Ufilipino. Chimbuko lake ni Ilocos Norte, Ilocos Sur na La Union, na sehemu kubwa ya kaskazini hiyo watu wenye lugha nyingine za kwao hukitumia kuelewana. Kwa wingi wa wazungumzaji asilia ni cha tatu nchini humo, baada ya Kitagalogi na Kisebuano. Kuanzia 1906 vibarua wa mashamba ya miwa walikipeleka Hawaii, na huko kinazungumzwa hadi leo. Kiodia ni lugha ya jimbo la Odisha, mashariki mwa India. Katika sensa ya 2011 zaidi ya watu milioni 37 walikitaja kuwa lugha yao ya mama. Katika karne ya 19 walikuwapo waliodai kwamba ni lahaja tu ya Kibengali, na wenyewe wakapinga vikali, hata 1936 wakapata mkoa wao kwa msingi wa lugha. Kwa hiyo kumwandikia mtu wa Odisha "Kibengali" ukidhani umekaribia ni kumchokoza.

Undugu kati ya lugha hizi mbili haupo. Kiilokano ni cha familia ya Kiaustronesia, na jamaa yake aliye jirani yetu ni Kimalagasi cha Madagaska. Kiodia ni cha Kihindi-Kiulaya, ukoo mmoja na Kigujarati na Kikachi vinavyosikika Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam. Utakuta neno la mkopo hapa na pale: Wailokano wana *sarita*, yaani maneno au mazungumzo, lililotoka Kisanskriti kwa njia ya Kimalei, na Kiodia kina *charita* kwa maana ya habari za maisha ya mtu. Wasomi hulifurahia. Mkalimani halimsaidii kitu.

Tazama sentensi moja, "Mtoto alikula embe". Mwilokano husema *Nangan ti ubing iti mangga*: kitenzi kimetangulia, mtoto anafuata, embe mwisho. Modia husema *Pilati amba khaila*: mtoto, embe, kisha ndipo kitenzi. Anayemkalimani Modia papo kwa papo hulazimika kusubiri mwisho wa sentensi ajue kilichotendeka, kwa hiyo msimharakishe. Na katika nakala za Kiilokano, msifute silabi zilizorudiwa mkidhani mchapaji kakosea: mbuzi mmoja ni *kalding*, wengi ni *kalkalding*. Tumepokea maelezo yaliyosafishwa namna hiyo, na mbuzi wote wakawa mmoja.

Panapotupa kazi zaidi ni kwenye viwakilishi. Kiilokano kina *isu*, Kiodia kina *se*, na vyote, kama "yeye" yetu, havisemi ni mwanamume au mwanamke. Tafsiri ikienda Kiingereza au Kiarabu, mtu hulazimika kuchagua, na asiye makini huchagua kwa kukisia. Kama maelezo hayataji jinsia, mkalimani aulize, na aandike kwamba aliuliza. Kisha kuna "sisi". Kiilokano kinatenga *dakami*, sisi bila wewe unayeambiwa, na *datayo*, sisi pamoja nawe. Kuna hata *data*, mimi na wewe tu. Katika maelezo ya ajali melini, tofauti hiyo huamua nani alikuwapo. Kiodia nacho kina ngazi tatu za kumwita unayezungumza naye, *tu*, *tume* na *apana*, na anayemhoji mzee kwa *tu* amemvunjia heshima kabla ya swali la kwanza.

Ni kweli kwamba baharia Mwilokano kwa kawaida anajua Kifilipino, na Waodia wengi wanajua Kihindi. Kujua kiasi cha kuagiza chakula si kujua kiasi cha kutoa maelezo yatakayotiwa sahihi. Muulizeni mhusika mwenyewe, kisha mjaze jina la lugha na msimbo wake, yaani herufi mbili au tatu zinazoitambulisha lugha kimataifa. Kiilokano, ambacho pia huitwa Kiiloko, ni *ilo*. Hakina msimbo wa herufi mbili, msiubuni. Tena *ilo* si mji wa Iloilo: huko wanazungumza Kihiligaynoni, ambacho watu hukiita Kiilonggo, na msimbo wake ni *hil*. Kiodia ni *or* kwa herufi mbili. Kwa herufi tatu, *ori* hujumuisha na lugha za karibu kama Kisambalpuri, na *ory* ni Kiodia chenyewe. Sisi tunataka *ory*.

Fomu kurudishwa si adhabu. Inarekebishwa, inatiwa sahihi upya na mwombaji yuleyule, na inaanza foleni upya. Ila mkalimani aliyekula kiapo kwa Kitagalogi akipiga muhuri kwenye tafsiri ya Kiilokano, tafsiri hiyo hatuipokei, na jina lake husimamishwa kwenye orodha yetu mpaka aitwe na kusikilizwa. Wakala aliyemtuma akijua hupewa onyo la maandishi.

Mwisho, Kioriya na Kiodia ni lugha moja. India ilibadili jina rasmi 2011, pamoja na la jimbo, kutoka Orissa kuwa Odisha. Msilete wakalimani wawili. Kwenye kompyuta bado mtaona "Oriya", kwa sababu Unicode, yaani mfumo wa kimataifa wa kuhifadhi herufi kwenye kompyuta, haibadilishi majina ya maandishi yaliyokwisha kusajiliwa, chagueni hilohilo. Hati zilizochapwa kwa fonti za zamani zisizo za Unicode hutufikia zikiwa alama zisizosomeka, kwa hiyo ambatisheni na picha ya karatasi yenyewe, kurasa zote, pamoja na upande wa nyuma wenye mihuri.