Kaliba ya bastola: namba ile inasema nini hasa?

Tukisema "yule si mtu wa kaliba yako", tunazungumzia kiwango na hadhi. Neno hilo lina undugu na "kalibu", lile umbo ambamo mhunzi humimina madini yaliyoyeyuka. Wengi wanaochunguza asili ya maneno huyarudisha yote mawili kwenye Kiarabu, na wanasema Wazungu nao walilichota huko huko. Kwenye silaha, kaliba ni upana wa tundu la mtutu, na kwa hiyo unene wa kichwa cha risasi kinachopita humo.

Kipimo huandikwa kwa inchi au kwa milimita. Marekani walizoea inchi: .45 ni sehemu 45 za mia za inchi, yaani milimita 11.4 hivi, na .22 ni kama milimita 5.6. Bara la Ulaya hutumia milimita. Mpaka hapo hakuna ugumu. Ugumu unaanza pale mtu anapoichukua namba hiyo kama kipimo kamili, wakati mara nyingi ni jina tu.

Tundu la mtutu si laini. Limechongwa mifereji inayojipinda kama uzi wa skrubu, ili risasi itoke ikizunguka na isipepesuke njiani. Sasa utapima wapi: kati ya tuta na tuta, au kutoka chini ya mfereji mmoja hadi chini ya mfereji wa upande wa pili? Wasovieti walipima matuta. Ndiyo maana bastola yao ya Makarov, waliyoipokea jeshini mwaka 1951, inaitwa ya milimita 9 ingawa kichwa cha risasi yake kina unene wa 9.27. Risasi ya mbunifu wa silaha Georg Luger ya mwanzoni mwa karne ya 20, ambayo nayo ni "tisa", ina unene wa 9.01 hivi. Jina ni moja, risasi ni mbili.

Mfano ninaoupenda zaidi ni .38 Special, risasi maarufu ya revolva, zile bastola zenye silinda inayozunguka. Ukiipima kichwa utapata .357 ya inchi, si .38. Zamani kichwa cha risasi kilikuwa na unene sawa na ganda lake, yaani kile kikopo cha chuma kinachobeba baruti. Baadaye kikapunguzwa ili kiingie ndani ya ganda, lakini jina likabaki lile lile. Miaka ya 1930 ilipokuja .357 Magnum, yenye nguvu zaidi, kichwa kilikuwa na unene ule ule, ila jina likawa la kweli. Zisimamishe mbili hizo mezani bega kwa bega: zinafanana kama mapacha, ila ganda la Magnum limezidi urefu kwa milimita tatu na kitu. Urefu huo uliongezwa makusudi. Revolva ya .357 hupokea .38 bila taabu, lakini Magnum haitakiwi kuingia kikamilifu kwenye silinda ya .38, ambayo haikujengwa kuhimili presha yake.

Ndiyo maana jina kamili la risasi huwa na sehemu ya pili. Katika 9x19, ambayo ndiyo ile ya Luger, namba ya pili ni urefu wa ganda kwa milimita. Zipo pia 9x18, ambayo ndiyo ya Makarov, na 9x17, ambayo Wamarekani huiita .380. Mtu anayeomba "risasi za tisa" bila kuongeza neno hajasema anachotaka.

Kaliba kubwa si lazima iwe bora. Colt M1911, iliyobuniwa na John Browning na kupokewa na jeshi la Marekani mwaka 1911, ni ya kaliba ya .45 na hutupa kichwa kizito cha gramu 15 hivi kwa mwendo wa wastani. 9x19 kwa kawaida hutupa cha gramu 8 hivi, lakini kwa kasi zaidi, na magazini yake, kile kisanduku cha risasi kinachoingia mpinini, hubeba risasi nyingi: Browning Hi-Power ya 1935 ilibeba 13. Kwa anayejifunza shabaha, .22 haina mpinzani, maana hairushi mkono na haimtii mtu woga wa kufumba macho kabla ya kufyatua. Mashindano ya bastola ya mita 25 kwenye Olimpiki hupigwa kwa kaliba hiyo.

Wapenzi wa bastola za kale hupenda kuzifanyia marekebisho: mpini wa mbao unaojaa kiganjani, shabaha za kulengea zinazoonekana vizuri, kifyatulio kilicholainishwa na fundi. Hayo hayagusi kaliba. Kuibadilisha kaliba ni jambo jingine. M1911 ina vifaa vya kuifanya ipige .22, lakini hubadilishwa mtutu, sehemu ya juu inayoteleza, na magazini, vyote pamoja. Kupanua tundu kwa mkono ni kuhatarisha vidole na macho, na sheria za nchi nyingi haziruhusu kugusa mtutu bila kibali.

Ukitaka kujua bastola inakula risasi gani, soma maandishi yaliyogongwa kwenye mtutu au ubavuni, kisha yalinganishe na yaliyo kwenye kitako cha ganda. Ikiwa silaha ni ya zamani na imepita mikono mingi, mpelekee fundi mwenye leseni aipime kwanza, kwa sababu huenda mtutu ulishabadilishwa na maandishi ya ubavuni yakabaki ya zamani.